Sifuri ya Kivule

Walinipa fomu yenye safu saba:
pikipiki, bajaji, gari dogo, basi dogo,
basi kubwa, lori la ekseli mbili,
lori la ekseli tatu na kuendelea.
Wakanipa kiti cha plastiki, kalamu ya buluu,
na kizibao cha kung'aa, mgongoni UTAFITI.
"Kila kinachopita, chora kijiti," alisema Mhandisi Lwitiko.
"Vinne visimame, cha tano kivikate mshazari.
Siku tatu, saa kumi na mbili hadi kumi na mbili.
Barabara haijengwi kwa huruma, kijana.
Hujengwa kwa idadi."

Siku ya kwanza nilikuwa mtu mkubwa.
Bi Siwatu wa genge aliniletea chai ya tangawizi,
akauliza: "Ile X nyekundu mnapiga lini, nihame mapema?"
Nikamwambia mimi sibomoi, mimi nahesabu.
Akacheka. "Wote huanza kwa kuhesabu."
Nikamweleza nilivyoelezwa: kila lita ya mafuta ina tozo,
tozo huingia mfukoni, mfuko hufuata magari.
"Na mimi nisiye na gari? Nyanya zangu zinakuja na mbawa?"
Sikuwa na jibu. Lori la mchanga lilipita. Kijiti.
Likarudi tupu. Kijiti.

Kisha akapita kijana na mkokoteni wa madumu ishirini,
nikatafuta safu yake kulia na kushoto.
Akapita dada, viatu mkononi, sketi kaikunja magotini,
akavuka tope, akanawa miguu kwa chupa ya maji,
akavaa, akanyooka, akawa karani wa benki.
Hakuna safu.
Saa tisa wakapita wanaume wanne na kitanda,
juu ya kitanda Zamoyoni, uchungu umemshika,
na wa tano mbele yao, akikatiza huku na huku,
akipima kina cha maji kwa mpini wa jembe.
Wanne wamesimama, wa tano mshazari:
hesabu yangu ilikuwa inatembea kwa miguu,
na mimi, kalamu hewani,
sikuwa na pa kuiandika.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu ilinyesha.
Asubuhi kalvati halikuwepo.
Maji yalipita na tairi, na mlango wa choo,
na sufuria moja iliyoelea kwa heshima zake.
Nikafungua mwavuli, nikakaa kazini.
Saa moja: sifuri. Saa mbili: sifuri.
Ng'ambo walisimama watu, huku tumesimama watu,
tukatazamana kama wapangaji walionuniana.
Saa nane: sifuri.
Safu saba safi
kama sahani za nyumba isiyopikwa.

Mjini, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikiguna,
Nusura wa takwimu aliingiza namba zangu moja moja,
akajumlisha, akagawa kwa tatu.
"Wastani umeshuka," alisema, bila ubaya wowote.
"Njia hii haina magari. Bajeti hii haiingii."
"Haina magari kwa sababu haina daraja."
"Nakuelewa, kaka. Lakini daraja linaombewa kwa magari."
Ukutani, ramani: Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto,
mistari minene, myekundu, ya mabasi yaendayo haraka.
Nikaitafuta Kivule kwa kidole
nikakuta uzi wa buluu, na jina limebanwa pembeni
kama abiria aliyechelewa.

Chini kabisa ya fomu kuna kisanduku: MAONI.
Lwitiko alisema hicho huwa hakijazwi.
Nikaiomba fomu. Nikachora vinne, nikakata cha tano,
nikaandika: kitanda kimoja, siku ya kwanza, saa tisa.
Walifika. Mtoto wa kike.

Nusura alisoma. Akasoma tena.
"Hiki nikiweke safu gani?"
Na kwenye kioo chake, baada ya namba saba,
kijiti kimoja chembamba kilikuwa kinawaka,
kinazima, kinawaka.